Kitufe cha "Acha"

Mmeniandikia ujumbe mzuri, vijana wangu wa timu ya tafsiri. Shikamoo mbili, maua matatu ya rangi, na ombi: niwaandikie maneno machache ya kutia moyo kwa ajili ya ukurasa wenu mpya, kwa kuwa mimi, mnasema, ni mmoja wa waasisi. Marahaba. Maneno nitawapa, tena si machache. Ya kutia moyo mtayatafuta wenyewe humo ndani, maana juma lililopita nimeifungua hiyo programu yenu na tangu siku hiyo damu inanichemka.

Wengine mnanijua kwa jina la mtandaoni tu, kwa hiyo nianze hapo. Naitwa Modesta. Nilikuwa katibu muhtasi katika ofisi moja hapa Tabora, kwanza kwa taipureta, baadaye kwa kompyuta. Nikaja kufundisha kompyuta kwenye kituo kidogo cha parokia. Hii kazi ya kutafsiri programu ya ofisi, ile ya bure ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua tumboni na kuitengeneza, niliianza kwa hasira, na naona nitaimaliza kwa hasira hiyo hiyo.

Hasira ya kwanza aliniletea mwanafunzi wangu, mama mmoja wa Igalula. Alikuwa mwandishi wa barua wa kijiji chake, mwenye mwandiko ambao hata hakimu angeuonea wivu. Nikamkalisha mbele ya kompyuta. Kila dirisha la Kiingereza lilipochomoza, alitoa mkono kwenye kipanya kama kimemuuma. Nikamuuliza, mama, vipi?

"Mwalimu, linanifokea," akasema. "Na mimi sijui nimelikosea nini."

Mama mzima, mwenye akili zake timamu, anafokewa na kisanduku! Nikatafuta mtandaoni nikaona kuna watu wanatafsiri programu hiyo kwa lugha zao, hata lugha za visiwa ambavyo watu wake wote wangeenea kwenye viwanja vya shule zetu. Nikauliza Kiswahili kiko wapi. Nikajibiwa na Mswahili mwenzangu, kwa Kiingereza, kwamba Kiswahili bado hakina maneno ya kompyuta. Nilisoma jibu lile nimesimama. Lugha iliyobeba pembe, chumvi, mikataba, ndoa na kesi za mashamba kutoka pwani hadi Ujiji, leo ishindwe na "fungua" na "funga"? Siku hiyo hiyo nikajiandikisha.

Sasa ufundi. Nyinyi mnadhani kutafsiri programu ni kama kutafsiri barua. Barua ina mwanzo na mwisho. Programu unaletewa maneno yametawanywa kama mchele uliomwagika: hapa "ndiyo", pale "safu", kule "haiwezekani". Huoni dirisha lenyewe. Unaona orodha tu, na orodha haikuambii neno litakaa wapi, wala nani atalikuta akiwa na haraka gani.

Halafu kuna ngeli. Walioitengeneza hiyo programu wana sentensi moja ya kusema kitu kimefutwa, na mahali pa jina wameacha tundu ili kompyuta ijaze yenyewe. Wao kwao sawa. Kwetu kompyuta ikijaza "jedwali" lazima iseme limefutwa, ikijaza "kitabu" kimefutwa, "picha" imefutwa. Toleo letu la kwanza lilikuwa linasema "Jedwali imefutwa" mchana kutwa, na wanafunzi wangu wanacheka wanapigana vikumbo. Niliandika sentensi ile upya mara sita mpaka nikapata ujanja: "Umefuta: jedwali." Mfutaji ni mtu, na mtu hana matata. Ujanja huo uandikeni mahali, utawafaa.

Halafu herufi za mkato, zile zinazopigiwa mstari chini ili mtu abonyeze herufi badala ya kipanya. Hati, Hariri, Hifadhi, Hamisha, Hakiki, zote zinagombea H moja. Nilizigawa kama mama anayegawa minofu: wewe chukua R, wewe chukua D, wewe nyamaza.

Aliyenifundisha kuyasikiliza maneno ni Mzee Shabani. Alikuwa mpanga chapa katika kiwanda kidogo cha uchapaji mjini, enzi ambazo herufi zilikuwa za madini ya risasi na mtu anazipanga moja moja kwa vidole. Mtu wa Tabora wa mji kabisa, kanzu safi, kofia ya kushona kwa mkono, na ulimi wa kukata. Alikuwa amestaafu, anakuja kituoni kunywa kahawa na kunikosoa.

"Modesta," aliniambia siku ya kwanza, "hilo neno ulilolitia hapo ni refu kama treni ya mizigo. Litakatwa mkia."

Na kweli, dirisha lilikuwa limelikata. Tangu hapo nikawa nachapa maneno kwenye karatasi, anakwenda nayo sokoni kwa wauza kahawa, kwa mafundi cherehani, kwa wauza asali. Hakuwauliza neno lina maana gani. Aliwauliza hivi: "Ukilibonyeza hili, kitatokea nini?" Tulitaka kutumia "tendua" kwa kitufe cha kurudisha nyuma kosa. Fundi cherehani mmoja akamwambia, "Hapo nguo inafumuka, nashona upya." Mzee akarudi anatabasamu, tukalipitisha. Neno ambalo watu watatu walilijibu majibu matatu tulilitupa, hata kama lilitoka kwenye kamusi yenye jalada gumu.

Neno moja tu hatukuliuliza. Nitalifikia, msinisukume.

Mzee Shabani alikuwa na jambo lake. Babu yake alikuwa mpagazi, na yeye alikuwa anakusanya majina ya vituo vyote vya njia ya zamani ya misafara, kutoka Tabora kwenda magharibi: walipolala, walipochota maji, walipopika. "Watu wanaijua Tabora na wanaijua Ujiji," alikuwa anasema. "Hapo katikati wanadhani wapagazi walikuwa wanaruka." Majina kumi na manne alikuwa nayo kichwani kutoka kwa babu yake. Akayaandika kwenye programu yetu ya Kiswahili, kwa vidole viwili, akiyapa namba. Hakutaka daftari. Alisema kama tunaitafsiri lazima tuitumie, la sivyo ni unafiki. Akimaliza kuandika alikuwa ananiita nimfungie, kwa sababu madirisha ya maswali hakuyapenda.

Basi ikaja siku yenyewe. Mzee Kasanda wa Usoke, mkulima wa tumbaku aliyekuwa amekula chumvi nyingi, alikuja mjini kutibiwa macho. Kumbe yeye anaijua njia yote ile upande wa kwao, kituo kwa kituo, na sababu ya kila jina. Mzee Shabani alinipigia simu kwa furaha. "Anakaa nami kituoni leo kutwa. Kesho anarudi na treni. Uko wapi?"

Nilikuwa Choma, Igunga, na programu hiyo hiyo, nawafundisha watu wa kata. Nikamwambia mzee wangu, anza, na mimi nitarudi kesho.

Na huko Choma nilikuwa nacheka. Nilikuwa nimewaonyesha kitufe cha "Hifadhi". Mfugaji mmoja akanyanyuka kabisa kwenye kiti.

"Mwalimu, hifadhi tena? Mimi ng'ombe wangu wakiingia hifadhi siwaoni. Na barua yangu nayo?"

Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikaangua nao. Nikamwuliza, kwenu mngesema nini? Akajibu bila kufikiri: "Tunza. Nitunzie barua yangu." Nikaandika "tunza" kwenye kiganja changu kwa kalamu, nikajiona mwerevu sana.

Muda huo huo, Tabora mjini, wazee wawili walikuwa wamekaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi. Mmoja anataja, mwingine anabonyeza. Ilipoadhiniwa alasiri, Mzee Shabani akataka kuifunga hati akasali. Likatokea dirisha: "Mabadiliko ya hati hii hayajahifadhiwa." Chini yake vitufe vitatu. Hifadhi. Acha. Ghairi.

Akabonyeza "Acha".

Mnajua kilichotokea. Kitufe hicho maana yake ni achana na mabadiliko yote, yapotee. Na aliyekipa jina hilo ni mimi. Nilikuwa nimeliona neno lile kwenye orodha, peke yake, bila dirisha lake. Nikahofia litakatwa mkia. Nikatafuta neno fupi, nikapata la herufi nne, nikamwonyesha Mzee Shabani kwenye karatasi. "Zuri," alisema. "Fupi, safi." Sote tulilipenda mno hata hakwenda nalo sokoni.

Kesho yake nilimkuta amekaa kwenye benchi la nje, kofia ameishika mkononi. Sikuwahi kumwona bila kofia kichwani.

"Modesta, nimefungua, sioni kitu. Yapo yale kumi na manne tu."

"Ulibonyeza nini, mzee wangu?"

"Hifadhi niliiogopa, nilidhani inapelekwa huko kwenu mtandaoni na mimi sijaimaliza. Ghairi, mimi sikughairi chochote. Nikaona Acha. Nikasema, naam, iache hapo hapo ilipo, nikirudi nitaikuta." Akaniangalia. "Wewe ulikuwa unasema nini hapo?"

Nikaenda kumwita fundi. Na msiniambie kwamba programu hujiwekea akiba yenyewe kila baada ya dakika kadhaa. Akiba hiyo nayo hufutwa ukishasema hutaki. Fundi alipekua mashine ile siku mbili, akanyoosha mikono. Nikamwomba Mzee Shabani aandike anayoyakumbuka. Alikataa. Majina mengine alikuwa nayo, lakini mpangilio umemtoka, na yeye alisema mpanga chapa hapangi herufi asiyoiona. Tukakubaliana tumfuate Mzee Kasanda Usoke.

Hapa ndipo nastahili kusemwa, na mkinisema sitawajibu. Tungekwenda juma lile lile. Hatukwenda, kwa sababu mimi nilikuwa vitani. Nilikuwa nimeandika kwenye mradi kwamba "Acha" iondoke mara moja, na pamoja nayo "Hifadhi" iwe "Tunza". Kulikuwa na mhakiki mmoja wa Dar mwenye ruhusa ya mwisho, mtu wa vitabu, naye akanishikilia.

"Hifadhi ndilo sanifu," aliandika. "Tunza ni la mtoto na mgonjwa. Kwa barua halifai."

"Na kazi ya mtu si mtoto wake?" nikamjibu.

"Huko kwenu Kiswahili kimechanganyika na Kinyamwezi."

Kha! Kuniambia mimi, mzaliwa wa Tabora! Kiswahili kilikuwa kinazungumzwa kwenye vibaraza vyetu kabla ya huyo bwana kupata babu. Nilimwandikia kurasa. Aliniandikia kurasa. Kila siku nilikuwa nasema, nimalize na huyu kwanza, Usoke ipo tu. Masika ikaingia. Ikatoka. Mwishowe akakubali nusu: "Hifadhi" ilibaki, na "Acha" ikawa "Usihifadhi". Nikaijaribu. Neno refu lile likaingia vizuri kabisa, kitufe kikajitanua chenyewe. Dirisha lile halikuwa na ubahili wowote wa nafasi. Ufupi wote ule niliouhangaikia haukuwa na kazi.

Tulipanda treni mimi na Mzee Shabani siku iliyofuata. Usoke tukapokewa na mkwe wa Mzee Kasanda, mama wa heshima, akatutandikia mkeka. Tukamwuliza mzee yuko wapi. Akatuambia tumechelewa, hata matanga yamekwisha.

"Alikuwa anawataja sana," akatuambia. "Anasema majina yake yote yapo mjini kwenye kompyuta, hayatapotea tena. Alikuwa na furaha, jamani."

Mzee Shabani hakumweleza. Alimshukuru, akasoma fatiha, tukarudi stesheni. Ndani ya treni sikuweza kumtazama. Yeye akasema neno moja tu njia nzima: "Angalau umelitoa." Hilo ndilo lililonifuta machozi. Nimelitoa, hakuna mwingine litakayemkuta.

Sasa njooni kwenye juma lililopita. Nimekwenda steshenari ya Rehema karibu na soko, nichapiwe barua ya pensheni, macho yangu siku hizi hayanisaidii. Naona kompyuta yake ni ya Kiingereza. Nikamwuliza, mwanangu, ya Kiswahili ipo, mbona huitumii?

"Ah, Mama Modesta, niliitoa," akasema huku anacheka. "Wateja wananicheka mimi. Kiswahili chake ni cha kuchekesha."

Nikadhani anatania. Akaniwekea nione. Vijana, mmeona mlichokipitisha? Kwenye kitufe cha kunenepesha herufi kumeandikwa "Jasiri". Cha kulaza herufi, "Mtaliano". Mtu akitaka kuchora jedwali anaambiwa "Ingiza meza". Meza ipi, ya kulia? Ukurasa wa juu una "kichwa" na wa chini una "mguu", kama tunachinja. Yale yote tuliyoyaulizia sokoni, kwa fundi cherehani na muuza asali, mmeyafuta mkaweka haya. Nilikuwa bado nacheka kwa uchungu pale Rehema alipoandika mstari mmoja na kufunga. Dirisha likatokea.

Hifadhi. Acha. Ghairi.

Nilimshika Rehema mkono. Alidhani kisukari kimenipanda.

Nikawaandikia siku hiyo hiyo. Jibu likaja kutoka kwa binti yenu Neema, na ninamtaja kwa sababu alijibu kwa adabu, wengine mlikaa kimya: "Shikamoo Mama. Mashine ya kutafsiri ndiyo iliyopendekeza, sisi tukapitisha yote kwa pamoja ili tuwahi. Ni neno moja tu, tutalirekebisha toleo lijalo. Usijali."

Neno moja tu! Mashine haina kosa, Neema. Mashine haijawahi kukaa na mzee mwenye haraka ya kuwahi sala. Wewe je? Mlikuwa wangapi mliobonyeza "pitisha", na kati yenu ni yupi aliyelifungua dirisha lile akaliona kwa macho? Asilimia mia moja, mmejisifu kwenye ukurasa wenu, Kiswahili kimekamilika. Kimekamilika kwa nani? Rehema amekitoa. Mama wa Igalula amerudi kufokewa. Yule bwana wa vitabu tuliyepigana naye masika nzima, leo namkumbuka kwa heshima. Yeye angalau alikuwa analisoma kila neno kabla ya kunikatalia.

Sitaki ukurasa wenu unisifu kama mwasisi. Nataka hivi: leo, si toleo lijalo, ingieni mlitoe hilo neno. Baada ya hapo kila mmoja wenu achukue maneno kumi aende nayo kwa mtu asiyejua kompyuta. Mama yako. Muuza vitumbua. Usimuulize lina maana gani. Muulize akilibonyeza kitatokea nini, kisha nyamaza umsikilize. Nimeomba tena ruhusa yangu ya zamani kwenye mradi. Macho haya mabovu yatasoma moja moja pamoja nanyi, na atakayepitisha kwa pamoja nitamrudishia kazi yake kwa jina lake.

Mzee Shabani hayupo tena, Mungu amrehemu. Hati yake ninayo kwenye kompyuta yangu. Ina majina kumi na manne, kutoka mjini mpaka mahali ambapo Usoke bado hujaifikia. Chini ya jina la mwisho programu yenyewe iliweka namba 15 na nukta, ikisubiri, na mbele yake ni peupe. Huwa naifungua, naisoma, naifunga. Lile dirisha halitokei. Hakuna kilichoongezwa cha kuniuliza.